THEMOSTATI YA GARI LA CHAMA: IPIMWE KABLA YA KUTUPWA

Chama cha msingi chenye gari kuukuu hulitegemea kwa kupeleka pembejeo vijijini na kukusanya mazao ya wanachama. Gari hilo likichemsha maji njiani kati ya Nyambureti na Mugumu, mara nyingi themostati hung'olewa na safari ikaendelea. Hatua hiyo yaweza kulifikisha gari nyumbani. Lakini ikifanywa desturi, hukigharimu chama fedha nyingi.

Themostati ni kilango kidogo kinachokaa mahali maji yanapotoka katika injini kwenda kwenye rejeta. Ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi, kilango hufungwa ili ipate joto upesi. Maji yanapofikia joto lililoandikwa juu ya themostati, aghalabu nyuzi 82 au 88 za Sentigredi, nta huyeyuka, hutanuka na kukisukuma kilango, nayo maji hupita kwenda kupozwa.

Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto, hasa asubuhi za baridi katika nyanda za juu za Tarime. Mafuta hayaungui vema, matumizi huongezeka, na silinda pamoja na ringi za pistoni huchakaa mapema. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya injini themostati ndiyo izibayo njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, maji mengine hurudi katika injini bila kupita kwenye rejeta, na gari huzidi kupata moto.

Kwanza yakaguliwe maji, mipira yake, mkanda wa feni, na rejeta isije ikawa imezibwa na tope au mbegu za majani. Hayo yakiwa sawa, themostati ipimwe. Itundikwe kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, na maji yapashwe moto pamoja na kipimajoto. Uso wa Ziwa Victoria uko kiasi cha mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Mkoa wa Mara wote uko juu ya hapo. Kwa hiyo maji ya sufuria huchemka yakikaribia nyuzi 96 au chini yake. Themostati ya 82 au 88 isiyofunguka hata maji yachemkapo, au isiyojifunga ikipoa, haifai tena.

Kazi ya kuibadili ifanywe injini ikiwa imepoa kabisa, kwani kufungua kifuniko cha rejeta yenye moto huunguza vibaya. Maji yapunguzwe, boliti za kifuniko cha themostati zilegezwe, na gasketi kuukuu ikwanguliwe yote. Themostati mpya iwe ya nyuzi zile zile. Upande wenye nta uelekee injini, na kitundu cha hewa, kama kipo, kikae juu. Gasketi mpya iwekwe na boliti zikazwe sawasawa. Hatimaye maji yajazwe, injini iwashwe mpaka mpira wa juu upate joto, kisha ipoe na maji yaongezwe.

Themostati ni kifaa cha bei ndogo. Silinda hedi iliyopinda kwa moto si hivyo. Yafaa katibu amwombe fundi aipime mbele yake, na matokeo yaandikwe katika daftari la gari.