Masisi: ng'ombe akichechemea, mfugaji aanze kutazama wapi?

Ng'ombe anayechechemea katika milima ya Masisi, Kivu Kaskazini, si jambo dogo. Maziwa yake hupungua mara moja, na maziwa hayo ndiyo yanayotoa jibini inayojulikana hadi Goma. Akiwa wa kuchinjwa, mnunuzi anayetaka kumswaga kwa miguu kuelekea Walikale atamkataa, au atataja bei ya hasara. Ndiyo maana wafugaji hushawishika kununua sindano ya antibiotiki siku hiyo hiyo. Bila kujua sababu, mara nyingi ni pesa ya kutupa.

Swali la kwanza la veterinere si kuhusu mguu. Ni hili: anaumwa mmoja au wengi?

Wakichechemea watatu au wanne ndani ya siku chache, huku wakitokwa na udenda, mdomo ufunguliwe kwanza. Vidonda kwenye ulimi na ufizi, pamoja na malengelenge katikati ya kwato, vinaelekeza kwenye homa ya miguu na midomo, ambayo wengi huijua kwa Kifaransa kama fièvre aphteuse. Ni virusi, na antibiotiki haiviui. Dalili huonekana siku 2 hadi 14 baada ya maambukizi, kwa hiyo ng'ombe aliyenunuliwa juma lililopita akiwa mzima kabisa anaweza kuwa ndiye aliyeuleta. Chanjo ipo, ila virusi hivyo vina aina 7, na kinga ya aina moja haisaidii kwa nyingine. Kundi kama hilo lisipelekwe sokoni wala lisinyweshwe pamoja na makundi ya jirani.

Akiwa mmoja tu, atazamwe akitembea kwenye udongo mgumu. Mgongo uliopinda kama upinde na hatua fupi ni alama za maumivu. Kisha afungwe vizuri, ukwato uoshwe na kusuguliwa. Watu huiruka kazi hii kwa sababu ya matope, kumbe hapo ndipo jiwe, mwiba au msumari huonekana. Kwa ng'ombe wa maziwa, tatizo mara nyingi liko mguu wa nyuma, ukwato wa upande wa nje.

Nyama ya katikati ya kwato ikiwa imevimba, imepasuka na inatoa uvundo mkali, huo ni uozo wa kwato. Matope ya msimu wa mvua hulainisha ngozi, bakteria wakapenya. Hapa antibiotiki inafaa, mapema, na mnyama alale pakavu. Maziwa yake yasikamuliwe ndani ya ndoo ya jibini mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa zitimie: antibiotiki inaua pia bakteria wanaogandisha maziwa.

Ukwato ukiwa safi, mkono upande juu mpaka paja. Ndama mnene, wa miezi 6 hadi miaka 2, aliyeanza kuchechemea ghafla, ana homa, na paja lililovimba linalia chini ya kiganja kama majani makavu: hiyo ni charbon symptomatique, ambayo Watanzania huiita chambavu. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mzoga usipasuliwe wala kuliwa. Uchomwe au uzikwe chini sana, kwani vijidudu vyake hubaki udongoni miaka mingi.

Chanjo ya ndama huzuia kifo hicho, lakini inahitaji ubaridi toka kiwandani mpaka malishoni. Tangu mapigano yafike Masisi-centre mnamo Januari 2025, na mji wa Walikale mwezi Machi mwaka huo huo, kufikisha friji na veterinere kwenye malisho ya mbali kumezidi kuwa kugumu.