Picha nayo huanikwa

Nilikwenda Karagwe na Kyerwa kufuatilia bei ya kahawa. Nimerudi na jambo la picha, na haliniachi.

Lilianzia Nkwenda. Mzee mmoja mkulima alitaka kunionyesha tovuti inayotangaza kahawa ya kikundi chao. Maandishi yakaja upesi. Picha ikaja nusu: anga, kilemba cha mama aliyeshika tawi, kisha kijivu kitupu. Tukangoja. Bando likakata kabla hatujaiona kahawa yenyewe. Mzee akairudisha simu mfukoni bila kusema neno.

Kimya kile nilikuwa nacho hadi Omurushaka, kwa kijana anayetengeneza tovuti za vikundi vya wakulima.

"Tovuti zangu ni tuli, kaka," alinieleza. "Kurasa zote nazipika hapa, zinakwenda kwenye seva zimeshaiva. Gharama ni ndogo na hakuna cha kuharibika ovyo. Lakini kule hakuna mpishi. Ukipakia picha ya MB 4, kila anayefungua atabebeshwa MB 4, awe Dar au awe Murongo mpakani."

Tovuti nyingine huwa na seva inayoipunguza picha kulingana na simu ya mgeni. Hii tuli haina. Next.js, programu anayotumia, hugoma kabisa kujenga tovuti tuli ukiiachia kazi hiyo: itakuletea kosa mpaka uzime upunguzaji au utafute njia yako. "Wengi wanazima, wanakwenda kulala," alisema. "Mimi nikizima, atakayelipa ni mkulima."

Njia yake ni kuzipunguza zote kabla ya kujenga. Picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 ina pikseli milioni 12. Kwa kioo cha simu ya kawaida, upana wa 720 hutosha, yaani pikseli 388,800: sehemu moja kati ya 31 hivi. Anatoa saizi tatu za kila picha, na simu yenyewe huchukua inayoifaa.

"Wewe unaweza kupeleka maganda ya kahawa chama cha msingi yakiwa na maji?" aliniuliza. "Unaanika kwanza. Picha nayo huanikwa."

Na kama kahawa, ikikaushwa kupita kiasi hupasuka. Hapo ndipo aliponishika. Alifungua picha ya tawi la mbuni, ileile moja, aliyoihifadhi kwa namna tano. Akavuta kila moja mpaka tunda moja bivu likajaa kioo chote. JPEG, mtindo wa tangu 1992, huikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, halafu hutupa yale ambayo jicho huwa haliyatambui. Kwa kuwa jicho hushika mwanga kuliko rangi, rangi mara nyingi huhifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu. Majani yalistahimili. Tunda halikustahimili: wekundu ulimwagikia kijani, kana kwamba mtu amepitisha kidole chenye maji. WebP, ya Google tangu 2010, hubana zaidi, lakini ikibana kwa kupoteza, rangi nayo huipunguza nusu vilevile.

Basi picha zote anaziweka WebP, isipokuwa hiyo moja. Hiyo anaiacha JPEG yenye rangi kamili, na kuikubali iwe nzito kidogo.

"Mnunuzi anatafuta mbivu," alisema, kidole kwenye ukingo wa tunda. "Tofauti ya mbivu na iliyowahiwa iko hapa. Nikiifuta hapa, nimemdhulumu aliyechuma."

Safari ya picha kutoka nchi hii haikuwahi kuwa nyepesi. Wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika, mtawala wa Karagwe, mwaka 1861, kamera hawakuwa nayo tena. Speke alikuwa ameirudisha mapema, kwa kuona kwamba joto la hema la kusafishia picha lingemuua Grant. Karagwe ikafika Ulaya kwa michoro ya mkono wa Grant, na alichoacha kuchora hakikufika.

Kijana huyu naye huchagua cha kuacha. Picha za simu huweza kubeba, kwa siri, vipimo vya mahali zilipopigwa. Yeye huvifuta vyote. "Waone kahawa ya mama. Mlango wake wa nini?"

Nikamkumbusha sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, inayotaka kahawa inayoingia huko ijulikane imetoka shamba gani, kwa vipimo hivyohivyo. Huku anafuta, kule wanadai. Mama wa kilemba ameulizwa lipi kati ya hayo mawili?

Alinyamaza kitambo. "Hata mimi sijamuuliza," alisema, akalirudia tunda lake.