Kuifungia Hewa ya Kaboni Chini ya Ardhi

Siku hizi neno "kaboni" limefika hata mashambani kwetu, na mara nyingine mkulima huletewa karatasi za kutia sahihi. Kwa hiyo twaona vema kuwaeleza wanachama kazi moja ambayo wataalamu wanaisomea hata kufikia shahada ya udaktari: kuinasa hewa ya kaboni na kuifungia mahali isipoweza kutoka, bila kuleta madhara mapya.

Hewa hii hutoka katika kila kitu kiwakacho: kuni, makaa, mafuta ya gari na ya mitambo ya umeme. Ikizidi angani huzuia joto la nchi lisitoke, na majira huharibika. Mkarafuu nao huivuta kwa majani yake na kuiweka katika shina. Lakini amana hiyo si ya milele. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Na mti ulioanguka ukioza au ukichomwa, kaboni yake hurudi angani. Ndiyo sababu inatafutwa ghala iliyo imara kuliko mti.

Ghala hiyo iwe wapi? Natutazame Kidahwe, kule Kigoma, mahali barabara zinapoachana, moja ikienda Kasulu na nyingine Uvinza. Mtu wa huko aweza kuuliza: "Ziwa Tanganyika li karibu, kina chake chafika mita 1,470, na maji yake ya chini hayachanganyiki upesi na ya juu. Mbona hewa hiyo isitiwe humo?" Swali ni la haki, na jibu lilikwisha kuonekana mahali pengine. Tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos la Kameruni lilitapika hewa hiyo hiyo iliyokuwa imejikusanya chini ya maji. Ikatambaa mabondeni usiku, ikaua watu wapatao 1,700. Ziwa Kivu, ambalo maji yake hushuka kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika, nalo lina hewa nyingi ya namna hiyo, pamoja na methani. Tena Tanganyika ndilo liwapalo watu dagaa na migebuka, na hewa hii ikiyeyuka majini huyatia ukali wa asidi. Basi ziwa si ghala.

Ghala bora ni mwamba. Tangu mwaka 1996 watu wa Norwei wamekuwa wakiisukuma hewa hii ndani ya mawe ya mchanga chini ya bahari, mahali paitwapo Sleipner. Huko Aisilandi walianza mwaka 2012 kuiyeyusha katika maji na kuyatia katika mawe meusi ya volkeno. Asidi ya maji yale huyamung'unya mawe, madini yakatoka, yakashikana na kaboni na kuwa jiwe kama la chokaa. Mwaka 2016 ilitangazwa ya kwamba zaidi ya sehemu 95 katika 100 ziligeuka jiwe kabla ya miaka miwili kwisha. Jiwe halivuji, wala halianguki kwa dhoruba.

Hata hivyo kazi hii ina gharama zake, na hapo ndipo wasomi wanapohangaika. Kwanza ni moto. Dawa itumikayo sana kunasia hewa katika dohani hupashwa joto la kadiri ya digrii 120 ili iiachie tena. Na moto huo ukitoka kwa mafuta, faida hupungua. Pili ni maji. Njia ya Aisilandi hutaka tani 25 hivi za maji kwa kila tani moja ya hewa. Tatu ni ulinzi: lazima awepo wa kuipima ghala miaka mingi.

Njia za kupunguza gharama zinatafutwa. Kenya, katika Bonde la Ufa, kampuni ya Octavia Carbon, iliyoanzishwa mwaka 2022, inakusudia kutumia joto la ardhini badala ya mafuta. Wengine hutengeneza makaa yenye vitundu vidogo mno yanayonasa hewa, wakitumia vifuu vya nazi na maganda magumu ya kokwa za michikichi. Kigoma ni nchi ya michikichi, na sisi visiwani tuna minazi. Kitupwacho na mkulima chaweza kuwa mali.

Basi, mwanachama, akija mtu na karatasi ya kaboni, muulize mambo matatu kabla ya kalamu kugusa karatasi. Kaboni hii itakaa wapi, na kwa miaka mingapi? Kazi yenyewe itakula moto na maji kiasi gani? Mikarafuu ikianguka au ikifa, hasara itakuwa ya nani? Asipoweza kujibu kwa maandishi, usitie sahihi. Ilete karatasi hiyo kwenye chama tuisome pamoja.