Mzani umepanda, mbona mkono umekonda?

Hebu fikiria mtoto wa miaka 3 mwenye saratani ya figo. Leo kliniki amepimwa, uzito umeongezeka nusu kilo. Mama anafurahi. Lakini ukimshika mkono, juu ya kiwiko, unagusa ngozi na mfupa. Imekuwaje?

Mzani haujadanganya. Unapima vyote kwa pamoja: misuli, mafuta, maji na ule uvimbe ulioko tumboni. Uvimbe ukikua huku misuli inaisha, namba inaweza kubaki palepale au hata kupanda.

Sasa misuli inaenda wapi? Wengi tunasema mtoto hali vizuri, ndiyo maana anakonda. Ni kweli, ila si hilo tu. Saratani huichokoza kinga ya mwili, na seli zikaanza kutoa protini ndogo za kupashana habari, zinaitwa saitokini. Hali hiyo ndiyo inflamesheni. Ni ileile inayofanya kidonda kiwe chekundu na cha moto, ila hapa imeenea mwili mzima na haipoi.

Saitokini mbili tunazozifuatilia sana ni IL-6 na TNF. Kwenye ubongo zinapunguza hamu ya kula. Kwenye misuli zinafanya protini zivunjwe haraka kuliko zinavyojengwa. TNF yenyewe, miaka ya 1980, iliwahi kuitwa kakektini, yaani kikondeshaji.

IL-6 ikifika kwenye ini, ini linatengeneza protini nyingine, CRP, ambayo maabara hupima kwenye damu. Ikiwa juu, ujue ndani kuna moto. Lakini haikuambii nani kauwasha: malaria na nimonia nazo huipandisha. Kwa hiyo kipimo hicho hakisomwi peke yake.

Ndiyo maana ule utepe wa kupima mkono una thamani kubwa. Mkononi hakuna uvimbe wa kuficha ukweli. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, hata kama mzani unasema yuko sawa. Na mtoto aliyedhoofika huzidiwa upesi na maambukizi na makali ya dawa.

Kwa hiyo ukimwona mzazi anahangaika na uji na mtoto bado anakonda, usimwambie hamlishi. Chakula ni lazima, ila hakitoshi mpaka saratani yenyewe itibiwe. Muulize tu: mkono umepimwa?