Umeumizwa Hospitalini: Ubishe Mlango Upi, kwa Gharama Gani?

Mama amefanyiwa upasuaji wa uzazi, kitambaa kikasahaulika tumboni. Mchimbaji wa Nyarugusu amevunjika mguu, ukafungwa vibaya hadi ukakatwa. Yakikupata haya Shinyanga, Kahama au Geita, usianze na bei ya wakili. Anza na maswali mawili: unataka nini, na hospitali ni ya nani?

Malalamiko hospitalini. Barua kwa mganga mfawidhi, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya, haizidi gharama ya karatasi na nauli. Inafaa ukitaka maelezo au matibabu ya kurekebisha kosa. Fidia ya maana usiitegemee. Omba pia, kwa maandishi, nakala ya faili lako, na utunze risiti na picha za eksirei. Bila hivyo milango mingine yote ni migumu.

Baraza la taaluma. Daktari analalamikiwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuguzi au mkunga, Baraza la Uuguzi na Ukunga. Baraza linaweza kumwonya mhusika, kumsimamisha au kumfuta kwenye daftari. Faida yake ni kwamba kosa la kitaalamu linapimwa na wanataaluma wenyewe. Hasara: halikulipi fidia.

Msaidizi wa kisheria. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, asiye na uwezo anasaidiwa bure. Shinyanga kuna PACESHI, kituo cha wasaidizi wa kisheria. Msaidizi atakueleza haki zako, atakusaidia kuandika barua na kukuunganisha na wakili, ila hawezi kukusimamia mahakamani.

Mahakama. Hapa ndipo penye fidia, na ndipo penye gharama. Ukidai zahanati binafsi au hospitali ya dini, unaweza kuanzia mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, kulingana na kiwango cha dai. Ukidai hospitali ya serikali au ya halmashauri, unatanguliza notisi ya siku 90, kisha unafungua shauri Mahakama Kuu; na tangu marekebisho ya mwaka 2020, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe hata kwenye madai dhidi ya halmashauri.

Mzigo mzito mara nyingi ni shahidi: daktari mwingine wa kuieleza mahakama kilichokosewa. Huenda ukamtafuta hadi Mwanza, nauli na malazi juu yako. Ukishindwa kesi, unaweza kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili.

Kabla ya kumlipa wakili, hakiki jina lake kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili. Kisha dai mkataba wa maandishi: ada ya kila hatua ni kiasi gani, nani atamlipa shahidi, na rufaa imo au haimo?

Angalia kalenda pia. Dai la uzembe lina ukomo wa miaka 3, na kusubiri majibu ya hospitali au baraza si sababu ya kulala.

Kwa jeraha lililopona, malalamiko na baraza vinatosha. Kesi inaweza kula zaidi ya kile itakachorudisha. Kwa ulemavu wa kudumu au kifo, nenda kwa msaidizi wa kisheria mwezi huohuo wa kwanza, faili mkononi, ili, kama hospitali ni ya serikali au ya halmashauri, notisi ya siku 90 itoke mapema.