Kabla ya kugeuza Hiace yako kuwa nyumba, chungulia chini yake

NDOTO yenyewe ni tamu. Wewe na mbogi yako mmechanga pesa, mkanunua Toyota Hiace iliyochoka kidogo, mkang'oa viti, mkaweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na betri ya sola. Ijumaa jioni hakuna kuhangaika na hoteli. Ni Naivasha, Magadi ama Nanyuki, na mnalala humo humo ndani ya gari.

Shida huanza ukipita Rironi na kuanza kuteremka kuelekea Mai Mahiu. Kwenye kona, gari linalala upande kama mtumbwi. Ukikanyaga breki, pua inazama. Lori likikupita, upepo wake unakuyumbisha na usukani unakuwa mwepesi mkononi. Kando yako kuna bonde. Hapo kitanda kizuri hakikusaidii kitu. Kinachokuokoa, ama kukumaliza, ni springi na shokomzoba.

Springi hubeba uzito na kumeza matuta. Lakini ikishabonyea, hutaka kuruka juu, kisha chini, tena na tena. Kazi ya shokomzoba ni kutuliza huko kuruka, kwa kulazimisha oili iliyo ndani yake ipite kwenye vitundu vidogo. Shokomzoba ikifa, tairi hudundadunda badala ya kushika lami. Na tairi iliyo hewani, msee, haina breki wala kona.

Sasa piga hesabu ya mzigo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo tangi la lita 100 likijaa ni kilo 100. Betri kubwa ya asidi yaweza kufika kilo 60. Plaiwudi nene ya milimita 18, futi nane kwa nne, ni takriban kilo 30, na hutatumia moja tu. Bado mtungi wa gesi, marafiki wanne na mabegi yao. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Gari halina mdomo wa kulalamika, ndiyo maana tunalibebesha tu.

Tofauti na abiria wa matatu, uzito huu haushuki steji. Springi za nyuma za Hiace ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na vikibebeshwa usiku na mchana huchoka na kunyooka. Nyuma ikizama, mbele huinuka. Tairi za mbele hupoteza uzito wa kushika barabara, na taa zako zinawapofusha wanaokuja.

Ufanye nini basi?

Anza kwa kupima. Tafuta mizani ya kulipia inayopima malori, upime gari likiwa limejaa kila kitu, maji na watu wakiwemo. Pima ekseli ya mbele na ya nyuma kando kando, kisha linganisha na uzito wa juu ulioandikwa na mtengenezaji.

Baada ya hapo, hamisha vitu. Vizito vikae chini sakafuni, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Tangi likiwa kushoto, betri iende kulia. Juu ya paa weka vitu vyepesi pekee.

Kisha kagua. Bonyeza kona moja ya gari kwa nguvu na uachilie. Likidunda zaidi ya mara moja au mbili, shokomzoba hiyo imechoka. Angalia pia kama inavuja oili, kama tairi imelika kwa mawimbi, na kama bushi zimepasuka. Badilisha shokomzoba mbili mbili, kushoto na kulia za ekseli moja. Ukienda Kirinyaga Road, usidanganywe na bei ya jioni. Shokomzoba kuukuu yaweza kung'aa kwa sababu tu imepanguswa vizuri. Ukimaliza, fanya alaimenti.

Baada ya hayo yote ndipo uongeze nguvu. Fundi wa springi anaweza kukuongezea chuma kimoja nyuma, ama kukufungia mifuko ya hewa ya kusaidia springi. Lakini shika hili: springi ngumu haikupi ruhusa ya kubeba zaidi. Breki, ekseli na tairi ni zile zile. Na ukiongeza kupita kiasi, gari likiwa tupu litakurusha kama punda mkaidi.

Jihadhari na njia ya mkato ya kuinua gari. Hiace nyingi mbele hutumia fimbo ya chuma inayojipinda mahali pa springi ya kuzunguka. Fundi akikaza bolti yake, pua huinuka kwa dakika chache na unaona kama umepona. Hujaongeza nguvu yoyote. Umepunguza nafasi ya gurudumu kushuka shimoni, jointi zinakaa vibaya, na alaimenti imeenda.

Usisahau tairi. Jaza upepo kabla ya safari, tairi zikiwa baridi, ukifuata kibandiko cha mlangoni. Tazama pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Na kwa kuwa umetoa viti na kubadilisha gari, julisha NTSA na kampuni ya bima mapema, si siku ya ajali.

Huko Instagram utaona mapazia na taa za kumetameta. Hakuna anayepiga picha ya bushi. Jumamosi hii, kabla hujamlipa fundi wa mbao, mpe fundi wa gari saa moja, nawe uiname naye mtazame chini pamoja. Kitanda kinaweza kungoja mwisho wa mwezi. Ule mteremko wa Mai Mahiu hautakungoja ujipange.