Mnada usio na uwanja
Katika mnada wa ng'ombe, mnunuzi humpapasa fahali ndipo atoe fedha. Katika mnada wa intaneti huoni ila picha. Mwaka jana niliinunulia shule yetu hadubini kwa njia hiyo. Muuzaji akanisihi nimlipe kando, eti bei ipungue. Nikakubali, nami ni mwalimu! Hadubini haikufika. Baadaye nilisoma kwamba eBay, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995, humrejeshea mnunuzi fedha endapo bidhaa haikufika au si ile iliyoelezwa, mradi amelipa kupitia kwao na kulalamika kabla ya siku 30 kupita tangu tarehe ya kuipokea au iliyotarajiwa kufika. Aliyelipa kando hana dai. Kila kipindi cha biolojia wanafunzi huniuliza hadubini i wapi.